Damu ya Kulinganishia

Mke wangu ni bingwa wa homoni. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nani hushinda ubishi nyumbani kwetu, msipoteze muda kuuliza. Amesoma mpaka vyeti vimekosa ukuta, na utu uzima wake wote ameumalizia kwenye swali moja: mwili wa mwanamke hujuaje kwamba wakati wa kuzaa umekwisha? Dada zangu wanamwita Mama Homoni. Hujifanya hapendi.

Maabara yake ni chumba chembamba chenye friji mbili, mashine inayonguruma na feni ya dari. Humo yumo pia Tone, mpimaji wake, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kumwaga hata tone la damu ya mtu. Wana desturi yao: wakifungua dawa mpya ya kupimia, kabla ya kugusa damu za wanawake wa utafiti, Tone humtoa damu mke wangu na kuipima kwanza. Namba zake wanazijua kwa moyo. Zikitoka zilezile, mashine ni nzima na kazi inaendelea.

Basi mwaka huu namba zikaanza kuruka. Mara juu, mara chini, mara juu zaidi. Mke wangu akasema mashine imeharibika. Fundi wa mashine akaja, akaifungua, akaifunga, akasema ni nzima. Basi dawa zimeoza! Zikaletwa nyingine, namba zikazidi kupanda. Kikabaki kitu kimoja tu cha kulaumiwa, nacho kilikuwa na mke na watoto.

"Tone kazeeka," aliniambia. "Mkono unamtetemeka, hataki kusema."

Akaenda kwa mkuu wa kitengo, ikaamuliwa Tone akabidhi funguo Ijumaa. Nilijaribu kumtetea, maana suruali zake zote nimeshona mimi na mkono wake naujua. Nikaambiwa nirudi kwenye vifungo vyangu. Siku hizo mwenzangu alikuwa hasemeshwi. Na nyumbani nako tulikuwa na chombo kibovu: feni. Yeye analalamika haipepei, mimi nimejifunga blanketi mpaka shingoni. Nikamwita fundi umeme, naye akasema ni nzima. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Kazi yangu ni kuunganisha vitambaa.

Alhamisi jioni akaniita mezani. Alikuwa ametunga maswali mapya ya kuwauliza wanawake wake, na maswali yake yote huyajaribu kwangu kwanza. "Ukielewa wewe," husema, "hakuna atakayeshindwa." Nimeshaulizwa habari za mimba, za kunyonyesha, na nyingine nisizoweza kuzitaja mbele ya wakwe.

"Je, hupatwa na joto la ghafla hata wenzako wanapoona baridi?" akasoma.

"Ndiyo."

"Usijibu, bwana. Sema kama swali linaeleweka."

"Linaeleweka. Na jibu ni ndiyo."

Akanikata jicho. "Je, hukasirika upesi kuliko zamani?"

"Mno!"

"Je, hedhi yako imeanza kuruka miezi?"

"Hilo," nikasema, "ujibu mwenyewe."

Alikuwa anajipepea kwa karatasi ya maswali. Mkono ukasimama. Aliitazama ile karatasi kwa muda, kisha akaiweka mezani polepole.

"Nilijiambia ni uchovu tu," akanong'ona. Halafu uso ukambadilika. "Tone! Jamani, nimemfukuza mtu kwa damu yangu mwenyewe."

Mganga hajigangi, methali ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikaimeza. Nilimwonea huruma, na Tone nilimwonea huruma zaidi.

Ijumaa asubuhi tulipitia kwanza kwa mkuu wa kitengo, mke wangu akayafuta maneno yake yote. Kisha maabara. Nilikuwa nimebeba suruali mpya niliyoishona iwe ya kumuaga Tone. Tulimkuta ameshafunga mzigo, funguo ziko mezani. Mke wangu hakusalimu. Alikaa kwenye kiti cha kutolea damu, akakunja mkono wa gauni.

"Kaka, nitoe damu."

"Kuna dawa mpya, Daktari?"

"Hakuna. Niandikishe na wale wanawake wengine. Mashine ni nzima, na mkono wako ni mzima. Kilichobadilika ni mimi. Nilishazoea kuwa kipimo, sikufikiri kwamba na mimi napimwa."

Tone aliitazama mikono yake. "Niliirudia ile damu, nikairudia," akasema. "Nikafika mahali nyumbani nashika kikombe kwa mikono miwili, nikiogopa."

Hapo mke wangu akalia. Akaushika ule mkono aliousingizia. "Nisamehe, kaka yangu."

 Tone akanawa, akautafuta mshipa, sindano ikaingia. Hakuna tone lililomwagika.

"Jamani, hebu washeni feni," akasema mgonjwa wetu.

"Imewaka," tukajibu mimi na Tone kwa pamoja.