Vidonge Nilivyotia Kwenye Chai ya Mama Mwende

Laiti ningekataa siku ile dada yangu aliponiambia nimpe mke wangu dawa kwa siri! Nilikubali. Kosa ni langu.

Tulikaa mtaa wa Mbotela, miaka ya themanini ikianza. Moyo wa mke wangu, Mama Mwende, ulikuwa ukienda mbio ghafla, hata akiwa ameketi anachambua mchele, mpaka aanguke. Vidonge viliutuliza kidogo tu. Hatimaye daktari akatueleza kwamba stima ya moyo wake, umeme unaoupigisha, ilikuwa imepata njia ya panya. Wangempasua kifua, waguse moyo kwa waya mahali baada ya mahali, mashine ikichora mapigo, hadi waione njia hiyo na kuikata. Lakini ilibidi moyo uende mbio pale pale mezani. Ukitulia, hakuna kitakachoonekana. Kwa hiyo vidonge viachwe mapema.

Mke wangu alikubali kuteseka. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama.

Dada yangu, aliyekuja kutusaidia, alinikuta nyuma ya nyumba nikilia. "Wewe ni mwanamume gani? Unangoja afe ndiyo useme ulimtii daktari?"

Akavisaga vidonge mwenyewe. Mimi nikavitia kwenye chai kila siku hadi alipokwenda hospitali, nikazidisha tangawizi kuficha uchungu. Mama Mwende alipopata nafuu alidhani ni maombi ya kanisa.

Kifua kikapasuliwa. Wakauchokoza moyo kila namna, ukakataa kwenda mbio. Wakamshona bila kukata chochote.

Mke wangu alipopata nguvu, daktari alimuuliza kama alikuwa amemeza dawa. Akaapa hakumeza. Daktari akatugeukia sisi, na kabla sijafungua mdomo dada yangu akaninyooshea kidole.

"Muulizeni bwana yake. Mimi nilimwambia afuate maagizo."

Dada wa tumbo moja! Akajifunga leso vizuri, akatazama dirishani.

Mke wangu aliniangalia mimi. "Baba Mwende, ile chai ilikuwa na nini?"

Nikamwambia.

Daktari alikuwa tayari kujaribu tena. Mke wangu alikataa, akisema hawezi kulala mezani tena wakati aliyebaki mlangoni ni mimi. Akahamia mtaa wa Dandora kwa binti yetu Mwende. Nilipomtembelea alinisalimu vizuri, lakini hakuonja chochote nilichobeba.

Dada aliniuza, na bado inaniuma. Lakini kikombe nilikibeba mimi. Ndugu msomaji, usimfiche mgonjwa wako kinachoingia mwilini mwake, hata kama ni kwa huruma.

Moyo wake ulisimama huko Dandora akianika nguo. Ungeweza kutibiwa. Nilimzika mke aliyekuwa ameacha kuniamini, na hakuwa amenisamehe.