Maswali Ni Mwishoni

Mtembeza wageni wa ngome huanza kazi kwa kuupiga kofi mzinga wa kwanza, kama anayemwamsha ng'ombe, kisha hutangaza, "Huu haujalia hata siku moja!" Sauti yake hujaa uani hadi kwenye matundu ya kuta yanayotazama bahari. Jioni akifika nyumbani huning'iniza kofia msumarini, basi, neno halimtoki. Mkewe amezoea kujibiwa kwa nyusi.

Asubuhi moja mkewe alikata tiketi kama wageni wengine na kujipanga nyuma yao. Mtembeza wageni alimwona, akaupiga mzinga kofi mara mbili, akaendelea. Penye ghala la baruti mkewe aliinua mkono.

"Maswali ni mwishoni, mama."

Mkewe akashusha mkono. Akazunguka na wageni kisimani na kwenye mahabusu, akapanda ngazi, akashuka. Walipofika langoni aliinua mkono tena.

"Binti yetu anangoja jibu lako tangu wiki iliyopita, baba. Aolewe na yule fundi saa, asiolewe?"

Wageni wote waligeuka. Mtembeza wageni alivua kofia, akaivaa tena.

"Aolewe!" alisema, na uani kukaitikia. "Kuna swali jingine?"