Uji wa Kubandikia Ngao

Fundi wa fremu pale Miembeni alipoibandua picha ya ngao ya taifa niliyompelekea abadilishe kioo, harufu ya gundi ya unga iliyochacha ilinijaa puani.

"Vipi mama, mbona unatema mate?"

Nikamwambia nina mafua.

Nilipokuwa mtoto, shuleni kwetu Muleba tulikuwa tunasubiri mgeni mkubwa, na ukuta wa ofisi ulikuwa mtupu. Mwalimu mkuu alitoka na picha kama hiyo, bibi na bwana wameshika pembe za ndovu, akaenda moja kwa moja jikoni kwenye sufuria ya uji wetu.

"Waitu mwalimu, na watoto watakunywa nini?" mpishi akauliza, na lile "waitu" la heshima la Kihaya.

"Ngao kwanza. Watoto watakula kwao."

Akachota kwa mkono, mkono uleule aliotoka kupengea kamasi, akapaka ukutani huku mabonge yakimdondokea viatuni. Sisi tulisimama dirishani na vikombe vyetu. Mgeni alikuja, akaisifu picha, akaondoka.

Baada ya wiki moja mende walikuwa wamehamia nyuma ya karatasi. Tukiimba wimbo wa taifa mbele yake, tumbo la yule bibi linatikisika kama anapumua, na wenzangu wanaziba midomo kwa kinyaa.

Mende mimi sikuwashangaa. Niliwatangulia. Jioni ile ya mgeni nilitumwa kufagia ofisi, nikaukuta uji umechuruzika chini ya ngao. Niliulamba ukutani, pamoja na chokaa na sisimizi wake.

Ulikuwa umeshatiwa sukari.