Kitenge Juu ya Kibodi

Mchapaji wa pale mjini Bwera, anayekodisha kompyuta yake, hugeukia ukutani kila mteja anapoandika nywila, midomo ikinong'ona wimbo wa kanisani. Juzi fundi alimwambia kuwa kile kidude kinachofikiri ndani ya kompyuta kilitoka kiwandani na kasoro, hivyo programu mbaya inaweza kuchungulia siri ndani yake. Dawa ipo, programu ya kuziba kasoro hiyo, ila mashine itakuwa nzito kufanya kazi. Alikubali iwekwe, bila kuelewa vizuri.

Leo amemwonya Musimenta, mwuza kahawa aliyekuja kufungua barua pepe.

"Sasa mama, iko salama ao hapana?"

"Fundi aliweka dawa. Kama ilimaliza yote, mimi sijui."

Musimenta alivua kitenge begani, akafunika kibodi, akaingiza vidole chini yake. Mchapaji hakujua kama kitambaa kingezuia chochote. Aliushika upande wa pili, kisianguke.