Rangi ya Mdomo kwenye Habu

Mume wangu ni fundi wa matairi, na yadi nzima inamwita Msasa. Wao wanadhani ni jina la sifa. Mimi ninayeishi naye najua ni ugonjwa. Mlango wa chumbani ukigoma kufunga, anatoa kipande cha msasa mfukoni. Meza ikicheza kwa sababu mguu mmoja ni mfupi, anasugua ile mitatu iliyobaki, mpaka sasa tunakula magoti yakiwa juu kuliko sahani. Siku ya ndoa yetu pete ilikwama kwenye kifundo cha kidole changu. Kaka zangu wakapiga kelele, "Sukuma, shemeji!" Yeye akajibu, "Haisukumwi hii," akaichukua, akageukia dirishani kwenye mwanga, akaanza kuisugua kwa ndani taratibu, huku mimi nimeachwa nimenyoosha mkono mbele ya watu kama naomba lifti. Shangazi yangu alisinzia. Lakini pete iliingia, na hadi leo naivua nikifua na kuivaa tena bila kutafuta sabuni.

Kwenye rimu ni vilevile. Watu wananunua rimu za urembo, zinazong'aa kama sufuria jipya, ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya gari lao. Tundu la katikati linakuwa dogo kidogo kuliko habu, kile kichwa cha chuma kinachochomoza pale tairi linapokaa. Tofauti yenyewe ni unene wa unywele. Mafundi wengi hapo hawajisumbui: wanaegesha rimu, wanakaza nati kwa nguvu zao zote mpaka nati ziivute rimu ndani. Inaingia. Kuitoa sasa, hiyo ni habari nyingine.

Msasa wangu anaanza kwa brashi ya waya, anaondoa kutu kwenye habu. Kisha anachukua rangi ya mdomo, anaipaka habu mduara mzima, anaegesha rimu, anaitoa. Ndani ya tundu, palipobeba wekundu ndipo panapobana, na hapo tu ndipo anaposugua. Anapaka tena, anaegesha tena, mpaka rimu iingie kwa kusukumwa na viganja.

"Nati kazi yake kushikilia," husema, "si kuvuta."

Rangi yenyewe ya mdomo ni yangu, nani mwingine? Tangu agundue mbinu hiyo sijawahi kumaliza hata moja kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi nashona makava ya viti vya magari, na cherehani yangu iko kwenye kona ya banda analofanyia kazi. Kwa hiyo nilikuwa nawaona wote wawili: Msasa upande huu, na upande wa pili jirani yake, Nyundo. Huyo hakuna kitu asichokigonga. Hata kufungua kopo la grisi anagonga. Mkono wake ni mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi, na wateja wenye haraka walimpenda.

Basi mwenye eneo, tunayemwita Mama Yadi, mjane mwenye sauti kama honi ya lori, akaamua kujenga duka mbele ya barabara. Banda lingekatwa nusu. Fundi mmoja wa matairi angebaki, mwingine atafute pa kwenda. Msasa akiondoka, cherehani inaondoka naye, maana mimi pale nilikuwa nimejibanza kwenye nafasi yake. Na pengine pa kwenda hatukuwa napo.

Mama Yadi hakutaka maneno mengi. Asubuhi moja akaingia na gari lake kuukuu, nyuma kapakia rimu nne mpya, kila moja na tairi lake.

"Mwanangu wa mwisho kanitumia," akatangaza. "Kesho naenda kumwona, nataka nifike nazo miguuni. Msasa, funga za mbele. Nyundo, za nyuma. Atakayenipendeza abaki."

"Atakayewahi kumaliza?" Nyundo akauliza.

"Una masikio au una mapambo? Nimesema atakayenipendeza."

Nyundo hakungoja. Akapandisha jeki, akaegesha rimu ya kwanza, ikagoma kama nilivyojua. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akaning'inia juu yake na mwili mzima. Rimu ikalia kama mlango wa kaburi, ikaingia. Ya pili vilevile. Alipomaliza akanawa mikono, akaketi juu ya tairi kuukuu, akaanza kumtazama mwenzake.

Mwenzake alikuwa bado anaipaka habu ya kwanza rangi ya mdomo.

"Shemeji!" Nyundo akaniita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Huyu mumeo anafunga tairi au anaoza binti?"

"Heri wangu anayepaka," nikamjibu. "Wako nyumbani umemkaza na bomba nini, mbona siku hizi hacheki?"

Watu wakacheka, lakini mimi moyoni nilikuwa naungua. Mama Yadi alikuwa amekaa kwenye benchi langu, anatikisa mguu. Nikamwinamia mume wangu.

"Baba watoto, harakisha basi. Tunafukuzwa hivihivi tunajiona."

"Bado panabana hapa juu," akasema, akaendelea kusugua.

Nikaona huyu ataendelea kusugua hata tingatinga likifika. Nikarudi kwa Mama Yadi, nikavuta uzi kwenye cherehani kama mtu asiye na neno.

"Mama, safari ni ndefu eh?"

"Ndefu, mwanangu."

"Na utaendesha peke yako. Ukipata pancha porini, mama, utaweza kuyatoa hayo matairi?"

Mguu ukaacha kutikisika. Akawatazama mafundi. Akanitazama mimi. Nikashona mstari ulionyooka kuliko yote niliyowahi kushona.

Msasa alipoingiza rimu yake ya mwisho kwa viganja na kukaza nati, Mama Yadi akasimama. "Vizuri. Sasa kila mtu anitolee moja."

"Kutoa?" Nyundo akashtuka. "Si ndiyo kwanza nimefunga, mama!"

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Bado unakumbuka ulipoifunga."

Msasa akafungua nati, akaivuta rimu, ikamjia mikononi kama mtoto anayetaka kubebwa. Nyundo akafungua nati zake zote, akavuta. Wapi! Akachukua nyundo ya mpira, akagonga. Akachukua ya chuma, Mama Yadi akamfokea aiweke chini. Akakaa chini akaanza kulipiga tairi kwa kisigino, gari likayumba juu ya jeki, kandambili ikamchomoka ikatua mapajani mwa Mama Yadi.

"Hii nayo ni ya mwanangu?" akauliza, ameishika kwa vidole viwili.

Msasa akairudisha rimu yake, akaikaza, akasogea upande wa Nyundo. Akazirudisha nati za Nyundo, akaziacha legelege kidogo, akashusha jeki. "Mama, endesha mbele kidogo, shika breki. Rudi nyuma, shika breki." Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili, *kwak!* Rimu ikaachia.

"Na hizo za nyuma uzisugue pia," Mama Yadi akamwambia mume wangu, kisha akamrudishia Nyundo kandambili yake. "Wewe mwanangu, tafuta pengine. Mapema."

Tukabaki. Aliporudi safari, Mama Yadi alituletea ufunguo wa banda, na mimi akaniletea zawadi yangu mwenyewe: rangi ya mdomo, nyekundu, ya kopo la dhahabu. Nikaiweka kabatini niipake Jumapili.

Jumapili nikaifungua mbele ya kioo. Ncha ilikuwa imelika upande mmoja, na ina kutu.