Kiti Chini ya Marinda

Nilikuwa nimekaa barazani, mtaa wa Mabawa hapa Tanga, na mavyaa wa mdogo wangu, yaani mama mzazi wa mume wake, tukimsubiri mdogo wangu arudi kutoka kazini, pale gari lake lilipoingia uani bila dereva. Ndivyo lilivyoonekana. Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili, pua ndefu, limeinama karibu na ardhi kama paka anayenyemelea. Nyuma ya usukani palikuwa na ncha ya mtandio tu.

"Unaona, mwalimu," mavyaa aliniambia, huku akiendelea kuchambua mchele. "Jini lenu limefika."

Mlango ulifunguka. Mdogo wangu akateremka, na mto wa kochi aliokuwa ameukalia ukamfuata ukaanguka mavumbini.

"Shikamoo kaka. Usicheke."

"Marahaba. Sijacheka."

"Unacheka kwa macho."

"Mwache acheke," mavyaa alisema. "Vijana wa bodaboda pale kona wanasema gari hili lina pepo, lakini ni pepo mstaarabu, anawasha indiketa."

Mdogo wangu ni mfupi. Ni mfupi hata kwa watu wa kwetu, ambao si warefu. Darasani, anakofundisha hesabu, huandika nusu ya chini ya ubao na nusu ya juu huwaachia wanafunzi. Jambo hilo halijawahi kumsumbua. Lakini gari hili alilitaka tangu utotoni, tangu alipobandika picha yake, iliyokatwa gazetini, ndani ya kifuniko cha sanduku lake la shule. Alijinyima miaka mingi, akalinunua Dar es Salaam likiwa limeshatumika Japani, na lilipofika Tanga akagundua kwamba akikaa ndani haioni barabara. Mto haukusaidia. Ulimpandisha, lakini kila akikanyaga klachi uliteleza, na siku moja kabla ya ziara yangu uliteleza langoni, gari likaruka mbele na kusimama kiganja kimoja kutoka kwenye nguzo.

Usiku ule alimpigia mumewe, ambaye ni baharia na wakati huo alikuwa mbali. Mumewe alimwambia kwa upole kwamba gari zuri lisilokuonyesha njia si gari zuri. Wakakubaliana. Jumamosi mfanyabiashara wa magari kutoka Makorora angekuja na kigari kidogo, kirefu kwenda juu, wabadilishane. Siku hiyo ya ziara yangu ilikuwa Alhamisi.

"Nataka unijibu kitu kimoja tu kabla hajaja," aliniambia. "Hiki kiti kinapanda au hakipandi? Aliyeniuzia alisema gari ni fulu."

Mimi nafundisha umeme wa magari katika chuo cha ufundi, na neno hilo nalisikia kila wiki. Muuzaji akisema gari ni fulu anamaanisha kwamba lina kila kitu. Hakuna gari la namna hiyo. Gari linapoagizwa kiwandani, mteja huulizwa maswali. Unataka paa la kioo? Unataka rimu kubwa? Unataka viti vya ngozi? Anajibu ndiyo, hapana, hapana, ndiyo, na gari lake linatoka na majibu yake mwilini. Lingine la aina hiyohiyo, rangi hiyohiyo, hutoka na majibu ya mtu mwingine. Sisi tunalipata baada ya miaka mingi, aliyejibu hayupo, na kazi yetu ni kuyasoma majibu kwenye gari lenyewe.

Nilianza na namba ya chesisi. Niliiingiza kwenye simu, ukurasa ukafunguka, ukaniambia mwaka, injini, giya na rangi. Juu ya kiti haukusema neno. Nilimweleza mdogo wangu asivunjike moyo. Namba ya chesisi ni kama jina la ukoo: inakwambia mtu ametoka wapi, haikwambii kama anajua kupika.

"Sasa tunamuuliza nani?"

"Tunaziuliza fyuzi."

Nilifungua kisanduku cha fyuzi chini ya dashibodi, nikamwonyesha mchoro uliokuwa nyuma ya kifuniko chake. Watu wengi hukosea hapa. Wanaona kwenye mchoro picha ya paa la kioo, picha ya kiti, picha ya taa za ukungu, wanafurahi kwamba gari lao lina vyote hivyo. Mchoro ule huchapwa mmoja kwa magari yote ya aina hiyo, yaliyoagizwa na wakarimu na yaliyoagizwa na wabahili. Cha kuangalia ni matundu yenyewe. Tundu la kitu ambacho gari halikupewa ni plastiki tupu. Tundu la kitu ambacho gari lilipewa lina meno mawili ya shaba ndani, hata kama fyuzi imechomolewa.

Nikampa tochi aangalie mwenyewe, maana mwalimu akiambiwa tu haridhiki.

"Paa la kioo," alisema, kidole kwenye mchoro, jicho kwenye tundu. "Tupu. Taa za ukungu, zipo. Hiki nini, kiti kinachotoka moshi?"

"Kiti cha kupasha moto."

"Tanga hii? Jua linapasha bure." Akachungulia. "Kipo. Aliyeagiza gari hili alikaa kwenye baridi." Kisha akasogeza tochi. "Kaka. Kuna kiti kingine hapa. Kina mshale, juu na chini."

"Na tundu lake?"

"Lina shaba. Lina fyuzi pia."

Niliitoa ile fyuzi, nikaipima. Ilikuwa nzima. Nikamwambia kwamba sasa tunajua waya umetandikwa kutoka hapa hadi kwenye kiti, na kiwanda hakitandiki waya usiokwenda popote. Kilichobaki ni kuona swichi. Kwenye magari kama hili, kusogeza kiti mbele na nyuma hufanywa kwa mkono, kupandisha hufanywa kwa umeme, na swichi hukaa ubavuni, upande wa mlango.

Tukageuka wote wawili kutazama ubavu wa kiti. Hatukuuona. Tuliona marinda.

Inafaa nieleze jambo moja kuhusu nyumba zetu. Sisi watu wa huku tunafunika. Kochi lina kitambaa, na kitambaa kina kitambaa. Friji ina kitambaa, redio ina kitambaa, rimoti imo ndani ya mfuko wa nailoni. Kitu kisichofunikwa ni kitu kisichopendwa. Gari lile lilipofika, mavyaa alilipokea kwa namna hiyo. Yeye ni mshonaji. Nusu ya mabibi harusi wa mtaa ule wamepita kwenye cherehani yake. Alimwita fundi jirani akavitoa viti, akavipima kama anavyopima watu, akavishonea nguo ya ngozi bandia rangi ya maziwa yenye marinda mpaka chini, akaikaza kwa mishono miwiliwili ili isitoke. Ilikuwa zawadi yake kwa mkwewe, na ilikuwa kazi nzuri. Upande wa mlango alikuwa ameacha mpasuko mmoja tu, wa wenzo wa kulaza mgongo wa kiti.

Nilitoa kiwembe mfukoni. Mdogo wangu akanishika mkono.

"Usiguse."

"Ni mshono mfupi tu."

"Kaka, usiguse," alinong'ona, akitupa jicho barazani. "Alishona kwa siku ngapi, macho yenyewe yale. Aliniambia, mwanangu, mimi sina cha kukupa ila mikono yangu. Leo nimwambie tumeichana? Nitaendesha kile kigari. Nacho kina magurudumu manne."

Nilimwelewa, na nilijua pia kwamba hasemi hivyo kwa furaha. Kuna watu walio radhi kuacha kitu walichokitamani maisha yote kuliko kumuudhi mtu aliyewatendea wema, na mdogo wangu ni mmoja wao. Nikarudisha kiwembe mfukoni.

"Mnanong'ona nini huko?" mavyaa aliuliza. Alikuwa ameuweka ungo chini. "Kama mnanisengenya, sengenyeni kwa sauti, nami nichangie."

"Hatusengenyi, mama," mdogo wangu alisema. "Kaka anaangalia fyuzi."

"Fyuzi haziangaliwi kwa kunong'ona."

Akaja. Ningeweza kumpa jibu la juujuu, lakini sijui kufanya hivyo. Mtu akiniuliza kitu, mimi hueleza. Nikamwambia kwamba magari ni kama magauni ya harusi. Kitambaa kimoja, mkato mmoja, lakini bibi harusi mmoja anataka lesi shingoni, mwingine anataka shanga kiunoni, mwingine hataki chochote. Ukilikuta gauni mnadani baada ya miaka, huwezi kujua mwenyewe alitaka nini mpaka ulipindue. Tulikuwa tunatafuta kama mwenye gari hili aliomba kiti kinachopanda kwa umeme, kwa sababu kikipanda, mkwewe ataiona barabara, na gari halitachukuliwa Jumamosi.

Alisikiliza mikono ikiwa nyuma. "Na hicho kinachopandisha, kinafananaje?"

"Kidude kidogo, bapa, kirefu kama kidole."

"Kinakaa mbele ya wenzo?"

"Ndiyo, mama."

Nilimwona akikumbuka kwa vidole, vinasogea kidogo kama vinafuata pindo.

"Kipo," alisema. "Nilikipapasa wakati napima. Nikajua ni kifuniko cha skrubu. Nikasema hiki kitanikwaruzia ngozi, nikapitisha mshono juu yake." Akamgeukia mkwewe. "Wewe ulijua tangu lini kwamba lazima pafumuliwe?"

"Sasa hivi tu, mama."

"Ukanyamaza."

"Ni kazi yako, mama. Imependeza."

"Imependeza, halafu ukaligonge geti langu ufe umekaa kwenye marinda. Nitaambia watu nini? Kwamba alikufa amependeza?" Akanyoosha mkono kwangu. "Lete hicho kiwembe, mwalimu. Wewe utakata kitambaa. Mimi nitakata uzi."

Alipiga goti kwenye mavumbi, akafumua mshono mmoja mmoja bila kuikwaruza ngozi. Marinda yakalegea, na pale ubavuni, kwenye plastiki nyeusi, kikatokeza kidude bapa chenye mshale unaoelekea juu na mwingine chini.

Mdogo wangu aliingia, akakaa bila mto, akawasha swichi ya gari, akabonyeza. Kiti hakikusogea. Akabonyeza tena, akaendelea kubonyeza, na uso wake ukaanza kupoteza ile nuru.

"Subiri," nilimwambia. "Fyuzi nzima, swichi ipo. Kilichobaki ni katikati. Hatujashindwa, tumekaribia."

Nililala kifudifudi na tochi, nikachungulia chini ya kiti. Kulikuwa na plagi nyeupe inaning'inia, imefungwa vizuri kwa uzi kwenye fremu ili isigongegonge, na mwenzake amelala sakafuni kwenye vumbi. Fundi jirani alipovitoa viti alizichomoa, na alipovirudisha alikuta kila kitu kimefunikwa na marinda, akaona gari linawaka, akaenda zake. Karibu yake kulikuwa na waya wa njano, ambao ulikuwa umechomekwa sawasawa. Huo sikuugusa, nawe usiuguse kamwe chini ya kiti chochote. Ni wa mfuko wa hewa, unaoweza kulipuka usoni. Nilizima gari, nikafungua waya wa betri, tukasubiri huku mavyaa akiniuliza kwa nini tunasubiri nami nikimweleza. Kisha nikafuta vumbi kwenye meno ya plagi, nikazikutanisha mpaka ziliposema tak, nikarudisha betri.

"Haya, mwalimu mwenzangu."

Alibonyeza. Kiti kilinguruma kwa sauti nyembamba, kama cherehani ya mota, na mdogo wangu akaanza kupanda. Kwanza kilemba cha mtandio, kisha paji la uso, kisha macho yakatokeza juu ya usukani, na hayakusimama hapo; yaliendelea kupanda mpaka kidevu nacho kikaonekana. Miguu yake ilibaki kwenye klachi na breki, kwa sababu kiti kile kikipanda husogea na mbele kidogo. Hilo mto haukuweza kulifanya.

Alikuwa anatazama mbele kupitia kioo.

"Unaona nini?" nilimuuliza.

"Boneti," alisema. "Sikujua kama ina mabonde mawili. Na ua wote. Na mama."

"Mama umemuona leo?" mavyaa alisema. "Wiki nzima nakupungia mkono, nikadhani una kiburi."

Palepale alikwenda ndani akarudi na sindano na uzi wa rangi ya maziwa. Alisema marinda hayatoki, ila atakitilia kile kidude tundu la kudariziwa ukingoni kama la kifungo, kipumue. Akaanza kulikata. Mdogo wangu alishusha kioo cha mlango na kumpigia mfanyabiashara wa Makorora.

"Jumamosi usije na gari," nilimsikia akisema. "Hapana, hakuna aliyetoa bei zaidi. Kinapanda. Kiti, ndugu yangu. Kinapanda."

Mavyaa alimaliza kufunga fundo, akaung'ata uzi, kisha akazunguka upande wa pili, akafungua mlango na kukaa. Akalitazama zulia zuri la manyoya alilotandika juu ya dashibodi, akainua pembe moja kwa ncha ya kidole.

"Na hapa chini," aliniuliza, "nimefunika nini?"