Mgomba wa Mama Haukuvuka

Mama yangu hajawahi kuamini kwamba serikali inaweza kumkataza mtu kupanda mgomba. Basi alipoteremka kutoka kwake Maguu, milimani, mpaka ziwani, mche kaubeba mgongoni kwa khanga kama mtoto mchanga, nikajua leo kuna kazi. Mdogo wangu, aliyeolewa kisiwani ng'ambo, alikuwa amejifungua. Mama alitaka mjukuu akue na mgomba wa kwao.

Mkaguzi wa mimea pale bandarini ni Mngoni. Sisi ni Wamatengo, na Mngoni ni mtani wetu: anaweza kukunyang'anya kuku mbele ya wageni na ukaishia kucheka.

"Shikamoo Mama. Huu mche hauvuki," akasema. "Kisiwani hawana magonjwa ya huku. Ni sheria."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. "Marahaba! Babu zako walitukimbiza milimani wakala mahindi yetu, leo wewe umefuata mgomba? Njaa ya Kingoni haina dawa!"

Abiria wakashangilia. Mimi nami nikachochea, nikamwambia mkaguzi asisahau kuomba na chumvi. Alicheka na sisi, kisha akachukua panga akaupasua mche katikati ya shina.

"We mwana we! Utani gani huo?"

"Si utani, Mama. Tazama."

Ndani kulikuwa na vijishimo vyeusi, na humo viwavi weupe, wanene, wametulia zao. "Fukusi wa migomba," akasema. "Wakifika kule, kisiwa kizima kitalala njaa. Migomba yako haianguki?"

"Upepo tu," Mama akajibu.

"Hata yangu kule Ngumbo huanguka kila mwaka," nikaropoka, "na mikungu mibichi. Mama ndiye huniletea miche mingine."

Mungu wangu! Nikatamani niyameze maneno yangu. Mimi na dada zangu wote tumepanda miche ya Mama.

"Kumbe nawagawia wanangu wadudu," akasema, na machozi yakamtoka mbele za watu. Mngoni utani ulimwishia, akabaki anafuta panga kwenye suruali.

Boti ikapiga honi. Mama akakung'uta khanga, akamgeukia.

"Nikirudi uje na hilo panga. Anza na shamba la huyu mwanangu, halafu twende Maguu ukang'oe la kwangu. Usiniachie ning'oe mwenyewe. Nitabakiza mmoja."